Nilivyojifunza kumpenda Mungu kwa akili pia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka niongelee kitu ambacho kimenikaa moyoni muda mrefu, naomba mnivumilie maana ni kirefu kidogo. Ni kuhusu akili, yaani hii akili ya kufikiri, kuuliza, kuchunguza na kulinganisha mambo, nafasi yake iko wapi kwa mtu aliyeokoka. Nimekaa kwenye wokovu tangu ujana wangu, nimehudumu na vijana miaka mingi, na kuna neno moja nimelisikia mara nyingi sana, "usitumie akili, tumia imani". Linasemwa kwa upendo kabisa na watu wanaomcha Mungu kwelikweli, lakini nimeona linachowafanyia watu na ndo maana naandika.

Yesu aliulizwa amri ipi ni ya kwanza kuliko zote. Iko Marko 12 kuanzia mstari wa 28. Akajibu kwa maneno ambayo kila Myahudi aliyajua tangu utoto, yale ya Kumbukumbu la Torati 6, sikia Ee Israeli. Ukienda kule Kumbukumbu utakuta moyo, roho na nguvu, kwenye jibu la Yesu utakuta moyo, roho, akili na nguvu. Kaitaja akili waziwazi, kwenye amri kubwa kuliko zote. Na habari haiishii hapo, yule mwandishi aliyeuliza, yaani mwalimu wa torati, anairudia ile hoja kwa namna yake, anaongeza kwamba kumpenda Mungu na kumpenda jirani kunazidi sadaka zote za kuteketezwa, na Yesu alipoona huyu mtu amejibu kwa busara akamwambia hayuko mbali na ufalme wa Mungu. Mimi hapo huwa nasimama kidogo kila nikipita. Mtu kafikiri vizuri na Bwana kampokea vizuri.

Kwa hiyo hii ishu sio ya wasomi wala ya waliopita vyuo vya Biblia. Nawafahamu wamama ambao hawakuwahi kukaa darasani na wanalitafakari neno kuliko sisi wenye vyeti, anasikia mahubiri Jumapili na Alhamisi bado analicheua, anakuuliza swali mpaka unakaa chini. Huyo anampenda Mungu kwa akili zake zote. Na nawafahamu wenye digrii ambao wakifika kanisani akili wanaiacha nje mlangoni, mtu kazini hawezi kusaini karatasi bila kuisoma mara mbili lakini akiambiwa "Bwana ameniambia" anapokea hivyohivyo bila kuuliza hata swali moja.

Nianze na binamu yangu maana yeye ndo alinifanya nianze kulifikiria hili jambo kwa uzito. Alikuwa kijana mwenye bidii sana kwenye kwaya na kwenye maombi. Rafiki yake wa karibu akaugua, wakafunga wakaomba, wakatangaza kabisa kwamba amepona, na yule rafiki akafariki. Baada ya mazishi binamu yangu akaenda kwa kiongozi mmoja, simtaji, akamuuliza swali ambalo yeyote angeuliza, sasa yale maombi yalikwenda wapi na yule aliyesema Mungu kamwonyesha uponyaji alionyeshwa na nani? Akajibiwa kwamba hayo maswali yanatoka kwa adui, aende akatubu. Hakubishana, akashukuru akaondoka. Akaendelea kuja Jumapili mbili tatu, alafu akawa anakuja mara mojamoja, mwishoni akawa haji kabisa. Miaka baadaye nilikaa naye nikamuuliza nini hasa kilitokea, akaniambia, "Dada, mi sikuhitaji jibu siku ile, ningeweza kukaa bila jibu. Ila nilimwangalia machoni nikaona anaogopa. Nikajisemea kama yeye anaogopa swali langu basi labda na yeye hana uhakika."

Hiyo kauli ilinikaa. Nikaanza kuangalia kwenye Biblia watu wanaouliza wanafanywaje, na niliyoyakuta yalinitoa machozi. Chukua Yohana Mbatizaji, Mathayo 11. Huyu ndo aliyemtangaza Yesu pale mtoni, ndo aliyesema tazama Mwanakondoo wa Mungu. Sasa yuko gerezani, mambo hayaendi kama alivyotarajia, anawatuma wanafunzi wake waende kumuuliza Yesu wazi kabisa, wewe ndiye yule ajaye au tumtazamie mwingine? Jamani, ni Yohana huyo! Na Yesu hamwambii akemee roho ya mashaka. Anawaambia wale wanafunzi nendeni mkamweleze mnayoyasikia na kuyaona, vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Yaani anampa ushahidi, na ushahidi wenyewe umefumwa kwa maneno ya Isaya, kitabu ambacho Yohana anakijua vizuri, ili akae kule gerezani alinganishe mwenyewe. Wale wajumbe walipoondoka tu, Yesu akawageukia makutano akasema katika wazao wa wanawake hajaondokea mkubwa kuliko Yohana Mbatizaji. Hakungoja kwanza mashaka yamuishe. Binamu yangu nilimsomea hiyo sura kwenye simu, akanyamaza muda mrefu, akaniambia "mbona hakuna aliyewahi kunionyesha hapo".

Mtu aliyenifundisha kusoma hivi ni mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu, sio mchungaji wala nini, Biblia yake imechakaa mpaka kurasa za nyaraka za Paulo zimeachana na jalada na pembeni kote kuna maandishi ya penseli, mengine kayafuta kaandika upya juu yake. Nilipojiunga na kikundi chake, kitu cha kwanza alichotufanyisha ni kusoma waraka wa Wafilipi wote kwa sauti, kwa mkupuo mmoja, tunapokezana. Sura 4, mistari 104. Haikufika hata nusu saa! Na nilikuwa nimeimba na kunukuu mistari ya Wafilipi maisha yangu yote sijawahi kuusoma kama barua, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu akatuambia zile namba za mistari Paulo hakuziweka. Sura kama tulizonazo ziligawanywa miaka ya mwanzo ya karne ya 13, wanasema ni kazi ya Stephen Langton aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, na namba za mistari tulizonazo kwenye Agano Jipya zilitoka kwa mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Kwa miaka 1500 watu walizisikia hizi barua zikisomwa bila namba, na Paulo mwenyewe kwa Wakolosai 4:16 anaagiza barua ikishasomwa kwao ipelekwe na Laodikia ikasomwe. Kuchomoa mstari mmoja pekee ni kama kuokota simu ya mtu ukasoma meseji moja ya katikati alafu ukaanza kutoa ushauri.

Tulipofika Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, Mwalimu akasimamisha. Akauliza mambo yote yapi? Kila mtu akataja lake, kufaulu mtihani, kupata kazi, biashara. Akasema rudini mistari miwili nyuma. Tukarudi. Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, anajua kudhiliwa na anajua kufanikiwa, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na sura ya 1 imeshatuambia yuko kwenye vifungo. Basi mambo yote anayoyaweza ni pamoja na njaa na minyororo, anayaweza kwa maana ya kwamba hayamtoi kwa Kristo. Kuna dada mmoja pale alikuwa amehangaika na kazi muda mrefu, na huo mstari alikuwa ameubandika ukutani kwake, akasema taratibu, "kumbe hata sasa hivi naweza". Hilo neno halikutoka kwa Mwalimu, ni yeye mwenyewe kasoma mistari mitatu pamoja badala ya mmoja. Imani yake haikupungua pale, iliongezeka, na mimi niliyaona hayo kwa macho yangu.

Na Yeremia 29:11 ndo hivyohivyo, hapa nataka nikae kidogo maana huu mstari unatumwa kwenye simu kila mwaka mpya. Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana. Mwalimu alitukataza kuugusa mpaka tusome sura ya 28 kwanza. Huko kuna nabii anaitwa Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema ndani ya miaka 2 Mungu atarudisha vyombo vya hekalu na mateka wote kutoka Babeli. Anachukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia anaivunja mbele ya watu. Hebu fikiria ungekuwepo, nani asingepiga makofi! Neno lina tumaini, lina tarehe, limetoka kwa jina la Bwana, na lina ishara ya kuonekana. Na lilikuwa uongo. Hanania akafa mwaka uleule. Alafu sura ya 29 Yeremia anaandika barua kwa wale waliochukuliwa mateka, anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae, utakieni amani mji niliowapeleka, msiwasikilize manabii wanaowadanganya. Mstari wa 10 anasema ni miaka 70. Ndo unakuja mstari wa 11.

Sasa piga hesabu. Mtu mzima wa miaka 40 aliyeipokea ile barua alikuwa anaambiwa kwamba atafia Babeli. Mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia ni ya kweli kabisa lakini yatatimia kwa watoto na wajukuu, na yeye kazi yake ni kupanda bustani kwenye nchi ya watu waliomteka. Nilipouelewa hivyo nilikaa kimya, alafu nikaupenda zaidi ya mwanzo. Kwa sababu ule wa kwenye kadi ya mwaka mpya ulikuwa unaniishia kila ifikapo mwezi wa tatu mambo yakigoma, huu mwingine unaweza kubeba miaka 70 ya kusubiri. Mungu aliyesema haya anawajua watu wanaosubiri.

Nadhani wengi hawakatai kufikiri kwa uvivu, wana mistari yao. Wanaoujua sana ni 2 Wakorintho 3:6, andiko huua bali roho huhuisha, unatumika kumnyamazisha yeyote anayetaka kusoma. Lakini Paulo pale haongelei kusoma vitabu, soma mstari wa 3 na wa 7, anaongelea vibao vya mawe, torati iliyochorwa kwenye mawe, analinganisha huduma ya agano la kale na ya agano jipya. Na huyohuyo Paulo, yuko gerezani tena, anajua wakati wa kufariki kwake umefika, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. 2 Timotheo 4:13. Mzee anakaribia kufa, ana baridi, anaagiza nguo na vitabu.

Wa pili ni Mithali 3:5, wala usizitegemee akili zako mwenyewe. Ni neno la Mungu na nalishika. Ila rudi sura moja nyuma, Mithali 2, baba huyohuyo anamwambia mwanawe aite busara, apaze sauti apate ufahamu, autafute kama fedha na kama hazina iliyositirika. Kuitegemea akili yako ni kitu kimoja, kuitumia kumtafuta Mungu ni kitu kingine. Na ule wa Petro na Yohana kwamba hawakuwa na elimu, Matendo 4:13, mistari inayofuata hakuna aliyeweza kuwajibu, na siri yenyewe imesemwa palepale, walikuwa pamoja na Yesu. Walifundishwa na Bwana mwenyewe usiku na mchana, sasa hiyo nayo sio shule?

Mambo haya yanagusa maisha ya watu kabisa, sio nadharia. Kuna dada kwenye kikundi chetu ana presha, alikuwa kwenye dawa. Akaenda kuombewa mahali, akaambiwa kama ana imani athibitishe kwa kuacha dawa. Akatuletea sisi, anatetemeka, anaogopa kumkosea Mungu akiendelea na anaogopa kufa akiacha. Hatukumjibu kwa hisia. Tulifungua 1 Timotheo 5:23, Paulo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara, na huyu ni Paulo ambaye Mungu alimtumia kuponya watu, hakumwambia Timotheo imani yako ndogo. Tukafungua Wakolosai 4:14, Luka, yule tabibu mpendwa. Tukafungua Mathayo 4, shetani anamwambia Yesu ajitupe chini toka kinara cha hekalu na anamnukulia Zaburi kabisa, na Yesu anamjibu tena imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kwa hiyo hata andiko likisomwa na mtu mbaya au likisomwa vibaya lazima lipimwe kwa andiko lingine. Tukamwombea palepale kwa machozi tukimwomba Mungu amponye, na tukamsindikiza kwa daktari wake. Yule dada yuko mpaka leo, anaimba, anameza dawa na anaombewa. Ninaposikia mtu anasema kufikiri kunaua imani namkumbuka yeye, kwa sababu nani alitaka kumuua pale?

Waberoya, wale watu wa mji wa Beroya, ndo kipimo changu. Matendo 17:11 inasema walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Waliyekuwa wanamchunguza ni Paulo! Na wameitwa waungwana kwa hilo. Mstari unaofuata, watu wengi miongoni mwao wakaamini. Kiongozi anayekasirika mtu akienda nyumbani kuhakiki alichohubiri, mimi huyo nina wasiwasi naye, nasema wazi.

Kijana mmoja anayesoma sayansi aliwahi kuniuliza kama itabidi achague kati ya masomo yake na Yesu, maana kuna mtu alimwambia hivyo. Nilimweleza habari za Gregor Mendel, mtawa aliyekuwa anapanda njegere kwenye bustani ya monasteri kule Brno na kazi yake iliyochapishwa mwaka 1866 ndo ikaja kuwa msingi wa elimu ya kurithi. Na Georges Lemaître, padri Mbelgiji, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, baadaye akapendekeza ulikuwa na mwanzo, na wala hakupenda nadharia yake ifanywe hoja ya kuthibitisha uumbaji, alikuwa mwaminifu pande zote mbili. Sikumaliza maswali yake yote, Mwanzo 1 bado tunaisoma naye na kuna sehemu hatukubaliani. Ila alilala akijua kuna watu wamepita njia hiyo wakiwa wamepiga magoti.

Kitu kingine nilichojifunza kwa Mwalimu ni kusema "sijui". Msichana mmoja mdogo alimuuliza, "Mwalimu naomba niulize usikasirike, kama Mungu alijua watakula lile tunda, ule mti aliuweka wa nini?" Watu wakamwangalia kama kakosea adabu. Mwalimu akavua miwani akasema, "Mwanangu, nimelibeba swali hilo kuanzia kabla hujazaliwa. Ninacho kipande cha jibu, ngoja nikupe hicho kipande, kilichobaki sijui." Akaongea kuhusu upendo na uhuru, kwamba utii usio na uwezekano wa kukataa ni kitu gani, alafu akasimama pale alipofika, hakuziba pengo kwa maneno matamu. Yule msichana leo anafundisha watoto Jumapili.

Baadaye nilikuja kusoma habari za Augustino wa Hippo, alizaliwa Thagaste Afrika ya Kaskazini mwaka 354, na ameandika mwenyewe kwamba alikaa na Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, kama miaka 9 akingoja mwalimu wao mkubwa Fausto aje amjibu maswali yake. Fausto alipokuja alikuwa mpole na msemaji mzuri lakini majibu hakuwa nayo, na alikiri hivyo, na Augustino alimheshimu kwa kukiri japo ile dini ilianza kumtoka. Alipofika Milano akamsikia askofu Ambrosi akiyafafanua maandiko, vizuizi vya akili vikaanza kuanguka kimoja kimoja, mpaka akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Angalia hapo, vizuizi vya akili vilipoondoka bado alikuwa anapigana na moyo wake, ule moyo ambao tangu ujana wake ulikuwa umeomba Bwana nifanye safi lakini sio sasa hivi. Akili ilifungua mlango ila kuingia ilikuwa ni neema.

Na mimi naliamini hilo kabisa, sitaki mtu aondoke hapa anadhani nasema akili inatosha. 1 Wakorintho 8:1, ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga. Nimeona kijana amesoma vitabu kadhaa akaanza kusikiliza mahubiri kama mtu anayesahihisha mtihani, hata bibi akishuhudia jinsi Mungu alivyomtendea yeye anatafuta kosa la mafundisho. Huyo hajampenda Mungu kwa akili, anaipenda akili yake. Asafu kwenye Zaburi 73 alijaribu kufikiri kwanini waovu wanastawi, anasema ikawa taabu machoni pake mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu. Alifikiri kwanza, akachoka, akaingia na maswali yake ndani. Hakuyaacha nje.

Mwaka mmoja tulisoma Ayubu na kwenye kikundi kulikuwa na mama aliyefiwa na mtoto. Nilikuwa na hofu jinsi tutakavyoifikia sura ya mwisho, maana wengi hufurahia kwamba Ayubu alirudishiwa mara mbili. Tukahesabu. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, jozi za ng'ombe 500 zikawa 1,000, punda vilevile. Alafu watoto. Mwanzo alikuwa na wana 7 na binti 3, na mwisho akapata wana 7 na binti 3. Hawakuongezeka mara mbili. Mtu mmoja akauliza mbona hivyo, na kabla sijafungua mdomo yule mama akasema, "Kwa sababu wale wa kwanza bado ni wake." Kuna wafafanuzi wa zamani wamesema hivyohivyo, yeye hajawasoma. Alikuwa ameisoma ile sura kwa uchungu wake na kwa akili yake yote kwa pamoja, na aliona kitu ambacho mimi na maandalizi yangu yote sikuwa nimekiona. Tukasoma pia 42:7, Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu waliokuwa na majibu ya kila kitu, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Ayubu aliyelia, aliyehoji, aliyetaka kesi yake isikilizwe! Yule mama akaomba arudie kuusoma huo mstari yeye mwenyewe.

Kuhusu maombi niseme kidogo tu. Paulo anasema ataomba kwa roho na ataomba kwa akili pia, 1 Wakorintho 14:15. Mimi kinachonisaidia ni kuandika ombi kwenye daftari kabla ya kuliomba, unagundua haraka kama unachoomba kina maana au unarudia maneno uliyoyazoea, na ukisoma baada ya miezi unaona Mungu alijibu nini na wewe uliomba nini hasa.

Sasa hivi kikundi tumeanza Warumi, tunakwenda polepole, na sura ya 9 inakuja. Kuna kijana ameshanitumia maswali yake mapema kuhusu Farao, anauliza kama Mungu ndiye aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu basi kosa la Farao ni lipi. Nimemwambia wakati anasubiri aende Kutoka kuanzia sura ya 7 mpaka ya 14, apige mstari kwa penseli kila mahali moyo wa Farao unapotajwa, na aandike pembeni kila mara ni nani aliyeufanya mgumu, maana 8:15 ni Farao mwenyewe na 9:12 ni Bwana, alafu tukae tuangalie mpangilio wake. Jana usiku kanitumia picha ya ukurasa, amefika Kutoka sura ya 9 na ana maswali mapya mawili. Moja nadhani ninalo la kumwambia, lingine nitampelekea mama mchungaji wetu, amelisoma jambo hilo kuliko mimi, na kama na yeye hana jibu tutakuwa watatu tunaomwomba Bwana atufundishe.